Malezi ya upole: yanamjenga mtoto au yanamharibu?

Nyota ya Jaha (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Mada hii kila ikiguswa watu wanagawanyika. Wapo wanaosema bila fimbo mtoto hanyooki, na wapo wanaosema mtoto asikatazwe kitu, ataumia moyo. Naweka msimamo wangu mapema ili anayetaka kunipinga ajue anapinga nini. Malezi ya upole ni mazuri kwa mtoto, na ushahidi upo. Ila wengi wanaosema wanalea kwa upole wamechukua nusu yake, ile nusu tamu ya kukumbatia na kuongea taratibu, wakaiacha nusu ngumu: kusimamia neno lako wakati mtoto analia. Kwa sababu hiyo watu wanaona watoto wasioshikika, halafu lawama zote zinaangukia upole.

Turudi nyuma kidogo. Miaka ya 1960 mwanasaikolojia Diana Baumrind wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichunguza wazazi wa watoto wa chekechea akapata mitindo mitatu. Kuna mzazi wa amri tupu: nimesema, basi. Kuna wa kuachia, mtoto akitaka anapata. Na kuna anayeweka utaratibu na kuusimamia, huku akimsikiliza mtoto, akimweleza sababu, na mtoto akijua kabisa kwamba anapendwa. Mwaka 1983 Eleanor Maccoby na John Martin wakaongeza wa nne, mzazi asiyejishughulisha kabisa, wakapima wote kwa vipimo viwili: unamtaka mtoto afuate mangapi, na unamwitikia kiasi gani akikuhitaji.

Hapa ndipo watu wengi wanapopita haraka. Yule mzazi wa tatu, ambaye tafiti nyingi zinaonesha watoto wake huelekea kufanya vizuri zaidi shuleni, kwenye kujiamini na kwenye kuishi na wenzao, hayuko katikati ya mkali na mlegevu. Hajapunguza ukali kidogo na kuongeza ulegevu kidogo. Yuko juu kwenye vipimo vyote viwili kwa wakati mmoja: anadai sana na anapenda sana. Mzazi wa kuachia yuko juu kwenye kimoja tu, na huyo ndiye anayejiita mpole siku hizi.

Sasa mfano, ili tusibaki hewani.

Mtoto wa miaka minne ana simu mkononi, muda wa kulala umefika. Mzazi wa kwanza anaipokonya na kufoka, mtoto analala akiwa na kwikwi na hofu. Mzazi wa pili anaanza kubembeleza: "Mama anaomba jamani, tumalize hii moja tu, eee? Basi dakika tano. Basi hii ya mwisho kweli." Mtoto anapiga yowe, mama anaona majirani watasikia, anaiachia. Mzazi wa tatu anachuchumaa, macho yake yanakuwa usawa wa macho ya mtoto, anasema: "Najua bado unaitaka. Muda umeisha. Unanipa mwenyewe au niichukue?" Kimya. Anaichukua bila kuivuta kwa nguvu, anaiweka juu ya kabati. Mtoto anajitupa chini, anapiga miguu sakafuni. Mzazi anakaa pembeni yake. Hatoi hotuba, hatishii, hacheki. Anasema mara moja tu, "Umekasirika. Nipo hapa." Simu inabaki juu ya kabati.

Wa pili na wa tatu wote wana sauti laini. Ukisikiliza kutoka chumba cha pili huwezi kuwatofautisha. Tofauti yao ni moja: simu iko wapi baada ya dakika tano.

Na ile ya wa pili ina madhara yanayojulikana. Gerald Patterson, aliyefanya kazi miaka mingi na familia huko Oregon, Marekani, alieleza mzunguko wake vizuri. Mtoto akilia ukampa, yeye amelipwa kwa kulia, na wewe umelipwa kwa kupata utulivu. Wote mmejifunza. Kesho kilio kitaanzia pale kilipoishia leo. Ukijikaza mara tatu ukaachia mara ya nne, umemfundisha kwamba akivumilia kulia muda mrefu zaidi, kuna siku atapata. Tabia inayolipwa mara mojamoja ndiyo ngumu zaidi kuiondoa.

Karibuni. Pingeni kwa hoja.

---

Kisiki

Mleta mada umeandika vizuri ila mimi bado sijashawishika. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Sisi tumechapwa, tumekua, tuna heshima, tunafanya kazi. Leo mtoto anamjibu mzazi wake mbele ya wageni na mzazi anacheka. Hiyo ndiyo faida ya upole? Mtoto mdogo haelewi maelezo. Anaelewa maumivu. Mkono ukishagusa moto haurudi tena.

---

Mama Wawili

Naunga mkono mada lakini naomba niseme kitu ambacho hakisemwi. Inachosha. Kila kosa unatakiwa upumue, uchuchumae, utaje hisia zake, utoe machaguo mawili. Ukiwa na watoto wawili na umetoka kazini umechoka, ifikapo jioni huna tena sauti ya upole. Ukifoka mara moja unalala na hatia. Kwenye mitandao unaona mama ametulia, nyumba safi, mtoto anamsikiliza kwa sentensi moja. Nani analea hivyo kweli?

---

Nyota ya Jaha

Kisiki, asante kwa kuja na methali hiyo, kwa sababu naiona iko upande wangu. Mchelea mwana kulia ni mzazi anayeogopa kilio cha mtoto. Ndiye yule wa pili, anayerudisha simu. Methali inakuonya usikiogope kilio. Haijakuagiza ukitafute kwa fimbo. Mzazi wa tatu mtoto wake alilia pia, tena sana, na hakuyumba.

Hilo la "tumechapwa na tuko sawa" nalisikia sana na silidharau, kwa sababu linatoka kwa watu waliopendwa na wazazi wao na hawataki wazazi hao wahukumiwe. Lakini mtoto aliyechapwa alilishwa pia, alisomeshwa, aliuguzwa usiku, aliombewa. Kwa nini sifa yote ya kukua vizuri tuipe fimbo? Mwaka 2016 Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walikusanya tafiti 75 zinazohusu watoto zaidi ya 160,000, wakaangalia kuchapwa makofi tu, si vipigo vya kujeruhi. Watoto waliochapwa zaidi walielekea kuwa na ugomvi zaidi, matatizo zaidi ya akili na hisia, na uhusiano mbaya zaidi na wazazi. Hakuna matokeo mema yaliyoonekana kuongezeka kwa sababu ya kuchapwa. Ni kweli tafiti za namna hii zinaonesha mambo yanayokwenda pamoja, na mtoto mtukutu naye huchapwa zaidi, kwa hiyo sisemi kila kofi limeleta kila tatizo. Ila kama kofi lingekuwa dawa, mahali fulani kwenye watoto wote hao tungeona mgonjwa aliyepona.

Kinachodanganya ni kwamba fimbo inafanya kazi papo hapo. Mtoto anaacha. Mzazi anaona "imesaidia". Wiki ijayo kosa ni lilelile, ila limefanyika mahali ambapo humwoni.

Na kuhusu moto, mkuu, moto hauna hasira na haumpendi mtoto. Mtoto akiungua anajifunza kuhusu moto. Akichapwa anajifunza kuhusu wewe.

Mama Wawili, dada yangu, nakujibu baadaye kwa utulivu, hoja yako ni nzito kuliko zote hapa.

---

Mwalimu Chaki

Nimefundisha watoto wadogo muda mrefu, acha nichangie ninachokiona darasani.

Mtoto wa nyumba ya fimbo namjua. Mkono wangu ukiinuka kuandika ubaoni anajikunyata. Nikiwa darasani ametulia kama maji ya mtungini, nikitoka mlangoni anakuwa wa kwanza kumsukuma mwenzake. Utaratibu wake unakaa kwa mtu mzima, haujahamia ndani yake.

Mtoto wa nyumba ya kuachia namjua pia, na kwa kweli huyu ananipa kazi zaidi. Nikisema "fungeni madaftari", anauliza kwa nini. Nikimweleza, anatoa pendekezo. Si mkorofi hata kidogo, ni kwamba hajawahi kuishi mahali ambapo neno la mtu mzima linamalizika. Halafu tazama anavyoteseka: mwenzake akikataa kumpa rangi, analia kama amefiwa. Hajawahi kupata mazoezi ya kunyimwa kitu na kubaki hai. Mzazi alidhani anamlinda asiumie, akamtuma nje bila kinga ya kuumia kidogo.

Wapo pia wale ambao ukiwaambia "hapana" wananuna, wanageuka pembeni, na baada ya muda mfupi wamerudi kucheza. Hao wazazi wao nikiwaita huwa wanaongea taratibu, na nikimweleza mzazi kosa la mtoto, hanibishii na wala hamchapi mtoto mbele yangu. Anamgeukia mtoto: "Umesikia mwalimu alichosema? Tutarekebishaje?" Basi. Mleta mada, huyo ndiye wako wa tatu.

---

Tafakuri

Tatizo langu ni moja. Haya ni malezi ya wenzetu huko, mazingira yao tofauti na yetu. Kilichomfaa mtoto wa huko si lazima kimfae wa huku.

---

Nyota ya Jaha

Tafakuri, hoja yako ina uzito na imepimwa. Mwaka 2005 Jennifer Lansford na wenzake walilinganisha familia za nchi sita: China, India, Italia, Kenya, Ufilipino na Thailand. Walitaka kujua kama kuchapwa kunamwathiri mtoto tofauti pale ambapo kila mtoto anachapwa. Wakakuta kwamba ndiyo, pale ambapo ni jambo la kawaida, uhusiano kati ya kuchapwa na ugomvi au wasiwasi wa mtoto ulikuwa dhaifu zaidi. Lakini haukwisha. Hata kwenye jamii zilizozoea, waliochapwa zaidi bado walikuwa na ugomvi na wasiwasi zaidi. Kwa hiyo mazoea ya jamii yanapunguza makali tu.

Na hilo la kwamba ni mambo ya wenzetu, sikubaliani nalo kabisa. Mary Ainsworth, mmoja wa wataalamu wakubwa wa uhusiano wa mama na mtoto, alianza kuyaona mambo yake Uganda mwaka 1954, akitembelea familia za vijijini karibu na Kampala. Aliangalia jinsi mtoto anavyotambaa kwenda kuchunguza kitu, anageuka kumtazama mama, anarudi, anaondoka tena. Mtoto mwenye uhakika wa kurudi ndiye anayethubutu kwenda mbali. Kitabu chake cha mwaka 1967 kuhusu watoto hao ni cha msingi kwenye taaluma hii. Akina mama wale hawakuwa wamesoma kitabu cha mtu.

---

Binti Sauti

Mama Wawili, naomba nikujibu kabla ya mleta mada kwa sababu nimefanya kazi na wazazi wengi waliokuja wamechoka kama wewe.

Kwanza hauko peke yako, na hilo si maneno ya kukufariji tu. Mwaka 2024 watafiti wawili wa Marekani, Annie Pezalla na Alice Davidson, waliwauliza wazazi 100 wenye watoto wa miaka 2 hadi 7 wanaleaje. Karibu nusu walijiita wazazi wapole. Kati ya hao, zaidi ya theluthi moja walionesha uchovu au kutojiamini kwenye malezi yao wenyewe. Walikuwa wamejiwekea kiwango cha kutokasirika kabisa, na kiwango hicho hakuna binadamu anayekifikia.

Pili, yupo mtafiti anaitwa Edward Tronick. Anajulikana kwa jaribio la miaka ya 1970 ambapo mama aliombwa amtazame mtoto wake mchanga bila kuonesha hisia yoyote. Mtoto anajaribu kumchekesha, ananyoosha mkono, anapiga kelele, mwishoni anageuza uso na kulia. Wengi wanaishia hapo wanaogopa. Lakini jambo kubwa alilolionesha ni kwamba hata mama na mtoto walio vizuri, kwenye mchezo wa kawaida kabisa, muda mwingi hawaendi sawa. Mtoto anataka hiki, mama anatoa kile, wanapishana, wanarekebishana. Kurekebishana huko ndiko kunakomfundisha mtoto kwamba uhusiano ukivurugika unatengenezeka.

Kwa hiyo ukifoka, subiri wewe mwenyewe utulie, kisha mwambie: "Nilipiga kelele, nilikuwa nimechoka. Haikuwa sawa kukupigia kelele. Viatu bado unatakiwa kuviweka mahali pake." Umeona hiyo sentensi ya mwisho? Wazazi wengi wakiomba msamaha wanasamehe na viatu.

Tatu, punguza maneno, mama. Mtoto anayelia kwa nguvu hasikii hotuba. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotusaidia kujizuia na kufikiri kabla ya kutenda, inaendelea kukomaa hadi mtu anakaribia miaka 25. Mtoto mdogo yuko mbali sana na hapo. Akiwa kwenye kilele cha hasira, maneno matatu yanatosha. Maelezo yaje baadaye, mkiwa mnaoga au mnakunja nguo, kwa ufupi. Wengi wanaochoka na malezi haya wanachoka kwa kuongea.

---

Mama Wawili

Binti Sauti umenitoa machozi. Hilo la viatu nalichukua.

---

Kisiki

Nimesoma yote. Naomba kuuliza bila ubishi. Kama hakuna fimbo, adhabu ni nini? Maana isiwe mtoto anavunja kitu anaulizwa anajisikiaje.

---

Nyota ya Jaha

Swali zuri sana, na hapa ndipo wapole wengi wanapoteleza.

Kosa linatakiwa kuwa na matokeo, na matokeo yafanane na kosa. Amemwaga maji kwa makusudi, anachukua tambara anafuta, hata kama atafuta vibaya na wewe utarudia. Amerusha mpira ndani baada ya kukatazwa, mpira unapumzika hadi kesho. Amemnyang'anya mwenzake, anarudisha kwa mkono wake mwenyewe. Anayajua matokeo kabla, yanakuja mara moja, ni madogo, na yanakuja kila mara. Ukubwa wa adhabu haufundishi kama uhakika wake unavyofundisha. Mzazi anayesema "utaona!" mara kumi na kuchapa mara ya kumi na moja amemfundisha mtoto kwamba ana nafasi kumi za bure.

Kumuuliza anajisikiaje kuna nafasi yake, ila si badala ya tambara.

Na matokeo si kisasi. Ukitaka kujua umevuka, jiangalie mwenyewe: ukiona unatamani alie ili roho yako itulie, hapo uko kwenye hasira zako, hauko kwenye malezi tena. Ondoka kidogo kama mtoto yuko salama, urudi.

---

Baba Pacha

Wakuu nina la dharura. Wangu mkubwa ana miaka mitano, anawapiga wadogo zake pacha. Nikimchapa naona kichekesho, namwambia "usipige" huku nampiga. Nikimbembeleza anarudia palepale. Nifanyeje?

---

Nyota ya Jaha

Baba Pacha, umeona kitu ambacho mwanasaikolojia Albert Bandura alikionesha Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1961. Watoto walimtazama mtu mzima akipiga mdoli, na walipoachwa na mdoli wakampiga vilevile, hata kwa maneno yaleyale waliyoyasikia. Mtoto anachukua tunachofanya kuliko tunachosema.

Jaribu hivi. Mkono ukiinuka, ushike. Usisubiri upige ndiyo useme. Ushike kwa uthabiti bila kuubana na useme: "Sitakuacha umpige." Mhudumie aliyepigwa kwanza, mpe macho yako yote, maana mpigaji mara nyingi anatafuta macho hayohayo. Kisha mkubwa anatoka kwenye mchezo anakaa karibu nawe hadi mwili wake utulie. Akitulia, muulize mdogo alifanya nini kilichomkera, halafu mfundishe maneno ya kusema, na mfanye ayarudie: "Hiki changu, nirudishie." Ana miaka mitano, bila maneno mkono ndio utaongea.

Na nje ya ugomvi: mtafutie muda wake peke yake na wewe kila siku, hata mfupi. Kupata wadogo wawili kwa mpigo kumemwondoa kwenye kiti chake na hakuna aliyemuuliza.

---

Baba Pacha

Na akirudia palepale kama kawaida yake?

---

Nyota ya Jaha

Na wewe unarudia palepale. Mkono unashikwa, maneno yaleyale, anatoka kwenye mchezo, bila kuongeza sauti. Siku za mwanzo atazidisha, kwa sababu anajaribu kama umebadilika kweli au ni ya leo tu. Hapo ndipo wengi wanaposema "upole haufanyi kazi" na kurudia walichozoea. Ila hakikisha na mama yao anafanya hivyohivyo, na bibi yao, na dada anayewaangalia mchana. Ukimzuia wewe jioni na mchana anaachiwa, unajenga nyumba mbili kichwani mwake.

---

Kisiki

La bibi hilo gumu kuliko la mtoto. Fimbo bado sijaitupa, nisidanganye mtu hapa. Ila la tambara naanza nalo leo, na Mwalimu Chaki, lile la mtoto anayejikunyata ukiinua mkono ubaoni sijalipenda hata kidogo, kwa sababu namjua wa namna hiyo.

---

Mwalimu Chaki

Kisiki, kama unamjua, kaa naye jioni hii bila kumuuliza kuhusu shule. Mwache aongee anachotaka.